Jinsi ya kuchimba maana ya jina lako bila kudanganywa na mitandao

Andika jina lolote kwenye simu, weka na neno "maana", utaletewa majibu kibao na mengi yatakuwa matamu kweli kweli. Utaambiwa mwenye jina hili ni mtu wa upendo, kiongozi wa kuzaliwa, namba yake ya bahati ni 7 na rangi yake ni bluu. Sasa jaribu jina la jirani yako, utakuta na yeye ni kiongozi mwenye upendo ila rangi yake kijani. Hizo ni nyota za gazetini tu zimevalishwa nguo nyingine. Kama unataka kujua jina lako limetoka wapi kweli, au kuna mtoto njiani na mnabishana nyumbani aitwe nani, fuata hii njia hapa chini. Inataka simu, bando kidogo, na uvumilivu wa kukaa na wazee.

Kitu kimoja kabla hatujaanza. Ukiuliza "maana ya jina langu" unauliza maswali mawili kwa mpigo: hilo neno lilikuwa linamaanisha nini huko lilikozaliwa, na wewe ulipewa kwa nini. Majibu yake mara nyingi hayafanani kabisa, na ukiyachanganya ndo unaishia kumwambia mtu ambaye jina lake ni Shida kwamba ana mkosi.

Hatua ya 1: Anza na waliokupa jina

Huku kwetu majina mengi kamusi haiyawezi. Chukua Mashaka, Tabu, Shida, Sikudhani, Siwatu. Kamusi itakwambia shida ni shida, basi, lakini hilo jina halikuwa linakuongelea wewe mtoto mchanga, lilikuwa linaongelea hali ya nyumba wakati ule, au mama alikuwa anawajibu mawifi waliomsema miaka yote kwamba hazai. Siwatu ni ujumbe kabisa, yaani hawa si watu, na anayejua ujumbe ulikuwa unapelekwa kwa nani ni bibi yako au shangazi yako, hakuna tovuti itakayokwambia. Kwa hiyo piga simu, toa shikamoo yako vizuri, uliza habari za mifugo na za mguu unaomsumbua, ndo uingie kwenye swali. Ukianza na swali kavu atakwambia "ni jina tu" na mazungumzo yameishia hapo.

Muulize nani alichagua jina, kuna nani kwenye ukoo alikuwa nalo kabla yako, ulizaliwa saa ngapi na msimu gani, na ulikuwa na jina jingine kabla ya hili. Hilo la mwisho watu wanalisahau. Wengi walikuwa na jina la nyumbani kabla ya ubatizo au kabla ya kuandikishwa shule, na lile la nyumbani ndo lenye stori.

Majina ya siku na majira ni mepesi: Juma wa Ijumaa, Hamisi na Mwanahamisi wa Alhamisi, Jumanne anajieleza, Shabani na Ramadhani ni miezi, Mwanaidi wa sikukuu, Masika wa mvua kubwa, Chausiku wa usiku. Mosi, Pili na Tatu ni kuhesabu uzao. Ila usikimbilie, maana wapo akina Juma kibao waliozaliwa Jumatano wakapewa jina la babu. Na kwa Wakikuyu hii ya kurithi ni utaratibu unaojulikana, mtoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la baba wa baba yake, wa pili la baba wa mama, na mabinti wanafuata bibi zao hivyo hivyo. Hapo maana ya neno haina kazi sana, kinachoangaliwa ni unamfuata nani.

Hatua ya 2: Kusanya sura zote za jina

Chukua karatasi uandike jina lako kwa kila namna ambayo limewahi kuandikwa au kuitwa: cheti cha kuzaliwa, kadi ya ubatizo, cheti cha shule, kitambulisho, jina la mtaani, anavyokuita mama ukiwa umekosea. Usidharau hii, maana ukitafuta sura isiyo sahihi utapata maana ya jina la mtu mwingine.

Kiswahili kina tabia zake. Kinapenda irabu mwishoni na kinalainisha ile "kh" ya kooni, kwa hiyo Khamis akawa Hamisi, Khadija akawa Hadija, Zaynab akawa Zainabu, Ahmad akawa Ahmadi, Sulayman akawa Selemani, Fatima akawa Fatuma, na Aisha kwa watu wengi akabaki Asha. Kisha mtaani tunakata tena: Dula, Mudi, Sele, Rama, Chidi. Karani wa zamani naye alikuwa anaandika alichosikia, Gloria anakuwa Groria, Elizabeth anakuwa Elizabeti.

Kama jina lako ni Abdul peke yake, jua limekatwa katikati. Ni "mtumwa wa" halafu kimya. Wa nani? Ni lazima kulikuwa na kipande cha pili, Abdulrahman, Abdulkarim, Abdulaziz, na maana kamili iko kwenye hicho kipande. Uliza wazee kilikuwa kipi.

Hatua ya 3: Tafuta shina, na anza na Kiswahili chako mwenyewe

Hapa ndo nakaa sana kwa sababu watu wanaruka. Majina ya Kiarabu na Kiebrania yanajengwa juu ya konsonanti, mara nyingi tatu, irabu zinakuja kuzunguka tu. Shina h-m-d, kusifu, linakuzalia Muhammad, Ahmad, Mahmud, Hamidi, Hamida, Hamadi, wote ndugu wa damu. Na sisi tunaoongea Kiswahili tuna bahati moja, tumekopa maneno mengi ya Kiarabu kiasi kwamba ndugu za jina lako tayari unao mdomoni. Kuhimidi si unalijua? Ni hilo hilo.

Jaribu na mengine. Rehema, mtafute: kurehemu. Karimu: ukarimu. Nasoro: kunusuru, nusura. Salima na Salama hawahitaji maelezo. Asha/Aisha maana yake aliye hai, anayeishi, na hilo neno "kuishi" tunalotumia kila siku limetoka shina moja na yeye. Mtu anaitwa Asha miaka 40 hajui kwamba kila akisema "naishi Tandika" anakaribia kutaja jina lake.

Sasa twende na Amina polepole, kwa sababu lina mtego. Ndugu zake kwa Kiswahili ni amani, imani, amana, kuamini, mwaminifu. Vizuri. Ila kwa Kiarabu kuna majina mawili tofauti ambayo kwa herufi zetu yote tunayaandika Amina. La kwanza "a" ya mwanzo ndo inavutwa, hilo ni jina la mama yake Mtume, Amina binti Wahb, na maana yake ni aliye salama, asiye na hofu. La pili kinachovutwa ni "i" ya katikati, na maana yake ni mwaminifu, wa kuaminika, ni jike la Amini. Shina moja, majina mawili. Juu ya hapo kuna amina ya kumalizia dua na sala, ambayo Wakristo na Waislamu wote wanayo na nayo inatoka kwenye shina hilo hilo la Kisemiti, yaani ukoo wa lugha wenye Kiarabu na Kiebrania. Kwa hiyo Amina akikuuliza maana ya jina lake, jibu sahihi ni swali: waliokupa walikuwa wanamkumbuka mama yake Mtume au walitaka mtoto mwaminifu? Kama kuna mzee aliyesoma madrasa nyumbani mwambie akuandikie kwa herufi za Kiarabu, utaona mwenyewe lipi ni lipi. Nyuma ya picha za zamani na kwenye kurasa za mwanzo za misahafu ya ukoo mara nyingi majina ya watoto yameandikwa hivyo.

Ukishapata shina ndo sasa ingia mtandaoni. Tafuta kwa herufi za asili ukiweza, Kiarabu au Kiebrania, unanakili na kubandika, matokeo yanakuwa tofauti kabisa na ukitafuta kwa herufi zetu. Kwa majina ya Biblia, apu nyingi za Biblia zina sehemu ya kubonyeza neno ukaona asili yake ya Kiebrania au Kigiriki, na ni bure.

Hatua ya 4: Fuata jina lilivyosafiri

Majina yakivuka mpaka yanabadilika, na ukijua njia unaacha kushangaa. Mfano mzuri kuliko yote ni Yohana.

Kiebrania lilikuwa Yohanan, vipande viwili: "Yo" ni kifupi cha jina la Mungu, "hanan" ni kutenda neema. Mungu ametenda neema. Wagiriki wakalipokea, lugha yao haikuwa na "h" ya katikati ya neno na majina ya kiume walipenda yaishie na "s", likawa Ioannes. Walatini wakaandika Iohannes, "h" ikarudishwa kwenye maandishi, na baadaye ile I ya mwanzo ikapata mkia ikawa J. Kuanzia hapo kila taifa likachukua kipande chake. Wajerumani wengine wakashika Johann, wengine wakakata mbele na kubaki na mkia: jo-HANN-es, Hans. Waholanzi na Wapolandi Jan, Wadenmark Jens, Wafaransa Jean, Wahispania Juan, Wareno João, Waitaliano Giovanni, Warusi na Wakroatia Ivan, Waingereza John, Waskoti Ian. Wairishi walilipata kutoka kwa Wanormani waliokuja na Kifaransa chao cha zamani, wakaandika Seán. Waarmenia Hovhannes. Wahabeshi hawakupitia Ulaya, wao ni Yohannes mpaka leo, na walikuwa na mfalme Yohannes wa Nne aliyetawala kuanzia 1872 mpaka 1889.

Ukipenda mpira panga kikosi: golini Jan Oblak na Jens Lehmann benchi, nyuma John Terry na João Cancelo, kati Juan Mata na Ivan Rakitić, mbele Ian Wright na João Félix, kocha Hansi Flick. Hapo umeita "Yohana" kwa watu wote na hakuna aliyegeuka. Ukitaka na mpira wa kikapu, Giannis Antetokounmpo naye yumo, Giannis ni Yohana wa Kigiriki cha siku hizi.

Wanawake nao: Jane, Joan, Jeanne, Joanna, Juana, Giovanna, Ivana. Ila Jeni wa mtaani muulize vizuri, anaweza kuwa Jane, hapo ni Yohana, au ni Jennifer, na Jennifer ni jina la watu wa Cornwall kule Uingereza, halihusiki kabisa na hii familia. Jonathan pia hahusiki, huyo ni Yehonatan, "Mungu ametoa", kitenzi kingine. Watu wanafupisha wote wawili kuwa Joni ndo vurugu inaanza.

Kuja kwetu lilikuja kwa milango kadhaa. Wamisionari wawili wa kwanza kukaa Rabai karibu na Mombasa walikuwa Wajerumani, Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa 1844 na Johannes Rebmann aliyemfuata 1846, yaani Yohana na Yohana. Biblia ya Kiswahili ya Waprotestanti ikaandika Yohana, Wakatoliki wakasema Yohane, ndo maana ukisikia mtu anasema "Injili ya Yohane" unajua kasali wapi. Shule za Waingereza zikaleta John. Kwa hiyo ndani ya familia moja unaweza kukuta babu Yohana, baba John na mtoto Ivan, wanadhani wana majina matatu.

Na Waislamu? Mtu yule yule, mwana wa Zakaria, kwenye Kurani anaitwa Yahya. Hapa simama kidogo. Wengi wataandika "Yahya ni Yohana kwa Kiarabu, maana yake Mungu ametenda neema". Mtu ni mmoja, sawa, lakini sura ya jina si moja. Kwa sikio la Kiarabu Yahya linasikika kama "anaishi", shina la uhai, ndugu wa "hai" na "hayati", na Sura Maryam aya ya 7 inasema hakuna aliyepewa jina hilo kabla yake. Wakristo Waarabu wao wanatumia Yuhanna. Kwa hiyo kama mtoto wako ni Yahya mpe maana yake ya uhai, usimvishe ya mwenzake.

Ukishajua kwamba moyo wa Yohana ni h-n-n, neema, utagundua dada yake halisi ni Hana, au Ana, Anna, Anne, hilo hilo shina. Mapacha wakiitwa Yohana na Ana wazazi wamerudia neno moja mara mbili, pengine bila kujua. Neema na Grace wao ni majirani tu, maana moja, ukoo tofauti.

Njia ya upande wa Uislamu nayo ina raha yake. Aisha kwa Waturuki ni Ayşe, Senegal na Guinea ni Aissatou, kwa Wahausa Aishatu. Fatuma wetu kule ni Fatoumata, Amina ni Aminata. Hiyo "t" imetoka wapi? Kwenye Kiarabu cha kamili majina haya ya kike yanaishia na "-atu", ila ukisimama kwenye neno hiyo t haisikiki. Sisi tulichukua ya kusimama, Afrika Magharibi wakabaki na ya kamili.

Moja la haraka linalowashtua watu kanisani: James ni Yakobo. Waraka wa Yakobo kwenye Biblia ya Kiingereza unaitwa James. Kwa hiyo James, Jacob, Jacques, Yakubu, Giacomo na Santiago (huyo ni Mtakatifu Yakobo, limeunganishwa) wote kapu moja.

Hatua ya 5: Kamata wanaofanana kwa sura tu

Sauti kufanana sio undugu. Hii ndo sehemu tovuti nyingi zinaanguka, zinachukua maana tatu za lugha tatu zinazirundika pamoja kama vile jina moja lina bahati zote hizo.

Asha wetu ni Aisha. Asha wa Mhindi ni neno la Kisanskriti, tumaini. Hawajuani. Chidi wa Temeke ni Rashidi, Chidi wa Nigeria ni jina la Kiigbo, "Mungu yupo". Kato wa Uganda ni pacha wa pili wa kiume, Katō ni jina la ukoo Japani, na kulikuwa na Cato wa Roma ya kale. Nia kwa Kiswahili unalijua, kwa watu wa Wales ni jina la kike lililotoka kwa Niamh wa Ireland. Mwafrika wa Marekani mwenye jina Nia karibu hakika amelipata kwetu, maana ni moja ya misingi saba ya sikukuu ya Kwanzaa iliyoanzishwa na Maulana Karenga 1966, na Imani pia imo humo. Ila Nia wa Cardiff usimsalimie kwa Kiswahili.

Kuna lingine la Marekani linanichekesha, Zuri. Wanawapa mabinti wakiambiwa ni Kiswahili cha "mrembo". Neno ni letu kweli, ila limeachwa bila ngeli. Kwetu ua ni zuri, jina ni zuri, gari ni zuri, mtoto ni mzuri. Lakini limeshakuwa jina lao na linapendeza, nani atawazuia.

Lenye mtego zaidi ni Baraka. Baraka wa Kiswahili ni Kiarabu, shina b-r-k, na ndugu yake wa Kiebrania ni Baruku, aliyebarikiwa. Barack Obama amelipata upande huu, jina la baba yake, na babu yake Hussein Onyango Obama alikuwa Mwislamu. Sasa fungua Waamuzi sura ya 4 kwenye Biblia ya Kiswahili, kuna jemadari anaitwa Baraka mwana wa Abinoamu, aliyekwenda vitani na Debora. Huyo sio wa baraka! Kiebrania chake ni Barak, kwa "q" ya nyuma kooni, maana yake umeme wa radi, ndugu wa neno la Kiarabu barq. Kwa herufi zetu wamekuwa mtu mmoja. Ukikuta mtumishi anahubiri "Baraka alibarikiwa tangu jina lake" msikilize kwa heshima, ila umeme ni umeme.

Namna ya kupima: konsonanti za shina lazima zilingane, lugha lazima itajwe, na lazima kuwe na njia ambayo jina lingeweza kupita, wafanyabiashara, dini, ukoloni, ndoa, chochote. Tovuti ambayo haitaji lugha ya asili ifunge. Na hizi programu za akili mnemba ukiziuliza zinajibu kwa kujiamini hata kwa jina ulilolibuni mwenyewe sasa hivi, jaribu uone. Ziulize shina na lugha, kisha uhakikishe pengine.

Hatua ya 6: Majina ya kikabila

Mtandao hapa ni mwembamba, ila majina mengi yana mpangilio na ukiujua unakata mwenyewe. Kwa Wajaluo O ni ya kiume na A ya kike, kinachobaki ni wakati au hali: Otieno na Atieno usiku, Ochieng na Achieng jua likiwaka, Odhiambo na Adhiambo jioni, Okoth na Akoth mvua. Wakalenjin wana Kip na Chep, Kiprop na Cherop wa mvua, Kiprotich ni wa saa ng'ombe wanarudi zizini.

Rwanda na Burundi jina ni sentensi nzima. Habimana ni "Mungu yupo", na hapo umeona, maana ni ile ile ya Chidi wa Nigeria bila neno hata moja linalofanana. Uwimana ni wa Mungu, Nkurunziza ni habari njema. Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela nao wana utamu wao: Lusajo baraka, Ipyana neema, Gwamaka mwenye nguvu, Atupele ametupa, na hilo la mwisho ukiwa Mbantu yeyote unalisikia, a-tu-pele. Kwa hiyo kabla hujasema jina la kwenu halina maana, litamke polepole ukikata viambishi, na kama hulijui tafuta mtu wa lugha hiyo aliyekulia kijijini, sio aliyezaliwa mjini kama wewe.

Mapacha wana majina yao karibu kila mahali. Wasukuma na Wanyamwezi Kulwa anatangulia, Doto anafuata, na sasa ni ya Tanzania nzima. Waganda wana Wasswa na Kato kwa wavulana, Babirye na Nakato kwa wasichana, na anayezaliwa baada ya mapacha ni Kizza. Na Tomaso? Ni Kiaramu, pacha. Ndo maana Yohana 11:16 inasema Tomaso aitwaye Pacha. Kina Thomas wote mjini ni kina Doto tu.

Hatua ya 7: Kama unampa mtoto

Ukishachimba, litamke kwa sauti pamoja na jina la baba na la ukoo, uone ulimi hauteguki. Kama mtaishi nje, angalia watu wa huko watalisomaje. Neema, kwa mfano, Mwingereza atalisoma Nima, na Nima kwa Wairani ni jina la kiume. Sio kosa, binti yako atazoea, ila ni vizuri ujue mapema. Kama una ndugu Oman au mnatarajia makaratasi ya huko, andika mlolongo kamili wa jina la mtoto, baba, babu na ukoo, na uamue mapema kama ni Hamisi au Khamis, maana kule wataliandika kwa Kiarabu halafu walirudishe kwa herufi hizi kwa namna yao.

Na tahajia iwe moja kuanzia kadi ya kliniki. Mariamu, Mariam, Maryam, Miriam, chagua moja uandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi umpe karani aone kwa macho, usimtajie kwa mdomo. Mtoto akishafika kidato cha nne cheti kimoja kinasema Mariam na kingine Mariamu, ni kuanza kuzunguka na hati ya kiapo kuthibitisha kwamba hao ni mtu mmoja, na nauli ni yako. Yale uliyoyapata kwa bibi yarekodi kwa simu, jina la mtoto, tarehe na nani alichagua, uyatume kwenye grupu la familia wakiwa wote bado wanakumbuka, watabishana kidogo, na humo humo kwenye ubishi utapata mengine ambayo hukuyauliza.